Gowri Hakupanda Winguni

Kwa wewe uliyekuwa safarini wiki iliyopita, usihangaike kutafuta gazeti la zamani. Nitakusogeza haraka, maana mikosi yangu haina subira.

Mimi ni Vadiraj Hebbar wa Bengaluru, mkuu wa usalama wa mifumo katika kampuni ya Hosabelaku. Tunalinda kompyuta za wenzetu dhidi ya wadukuzi. Ukuu wenyewe niliuokota, kama mlivyosoma. Aliyenitangulia, Bwana Chidananda, aliwatumia wafanyakazi wote barua pepe ya mtego ili ajue nani mjinga wa kubonyeza kiungo cha kushinda sufuria ya presha. Aliyebonyeza alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba ndiye aliyeituma.

Cheo hicho ndicho kilichonifungulia mlango kwa Vasudha. Baba yake, Mzee Padmanabha Udupa, alikuwa ameikataa posa yangu kwa maneno machache na kahawa ya baridi. Aliposikia nimekuwa mkuu, akasema atafikiria. Kwa mzee yule, kufikiria ni karibu sawa na kucheka.

Kisha tukapata kazi ya kulinda kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali za Denmark. Wateja wakaweka sharti moja. Aje mkaguzi kwanza, athibitishe kwamba hakuna rekodi hata moja ya mgonjwa wao inayokaa ndani ya jengo letu. Kila kitu kiwe winguni, kwenye mashine za kukodi zilizoko mbali, chini ya makufuli ya kisasa. Nikawaandikia kwa madaha kwamba seva zetu za zamani zilisagwa zote zikawa unga, na kwamba sisi siku hizi ni watu wa wingu tupu.

Madaha yangu yakaishia pale nilipofungua barua pepe iliyotaja jina la mkaguzi. Padmanabha Udupa.

Simu yake haikukawia.

"Bwana Hebbar," alisema. Mtu niliyekaa sebuleni kwake mbele ya picha za marehemu wake wote, leo ananiita Bwana Hebbar. "Nimewaeleza wateja kwamba umeomba kumwoa binti yangu."

"Wakasemaje, mzee?"

"Wakasema nikikukagua kwa ukali maradufu, wao hawana neno."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikawaambia hata wasingesema ningefanya hivyo." Akakohoa kidogo. "Sasa sikiliza. Nikikuta rekodi moja ya mgonjwa ndani ya jengo lile, kazi ya Denmark imekufa. Kazi ikifa, cheo chako kimekufa. Na mimi binti yangu nilimfikiria kwa mkuu wa usalama, sikumfikiria kwa mtu anayezunguka na bahasha ya vyeti."

"Mzee, humu ndani hakuna kitu. Ni viti na watu."

"Basi nitavikagua viti," akasema, akakata.

Ukaguzi ulipangwa baada ya sikukuu ya Dasara. Nikalala vizuri. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya ukaguzi kuna Ayudha Puja, ibada ya zana, siku ambayo seremala anaipaka randa yake kumkum, ule unga mwekundu wa baraka, dereva analivisha lori lake maua, na sisi wa kompyuta tunazipa heshima kompyuta zetu. Na ukitaja Ayudha Puja pale Hosabelaku, umemtaja Ajji.

Ajji ni bibi. Ofisi nzima tunamwita hivyo, ingawa ni mama yake bosi wetu, Nagabhushan. Mwanawe alipotaka kuanzisha kampuni, Ajji aliuza bangili zake za harusi, na mpaka leo sehemu kubwa ya kampuni ni yake. Hajui kutuma barua pepe, ila anajua nani hakumwamkia mwaka juzi.

Alikuja wiki ya sikukuu kuangalia maandalizi. Ukutani tuna bango kubwa la bosi lisemalo USIMWAMINI YEYOTE, maana ndiyo mtindo wa usalama siku hizi, kila mtu aulizwe yeye ni nani katika kila mlango. Ajji alipita milango yote bila kuulizwa na mlinzi hata mmoja. Akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha seva, akafungua, akakuta viti vibovu.

"Mashine iko wapi?" akaniuliza.

"Iko winguni, Ajji."

Akanitazama kwa huruma. "Pole. Ilikufa lini?"

"Haijafa, Ajji. Tumehamia winguni. Ni kama kupanga nyumba badala ya kujenga. Mashine ni za watu wengine, ziko mbali, sisi tunatumia tu."

"Mbali wapi?"

"Hata mimi sijui hasa. Ndiyo uzuri wake."

"Umewahi kuziona?"

"Hapana."

"Kuna mtu anazipaka kumkum kwa niaba yetu?"

Nyuma yangu nikamsikia Bhargavi akikohoa kuficha kicheko. Bhargavi ni msaidizi wangu, mtaalamu mzuri sana wa kunusa wadukuzi, na mdomo wake hauna breki.

"Ajji," akasema Bhargavi, "tumpake kaka Vadi. Yeye yuko hapa kila siku na hana kazi nyingine."

"Huyu hangurumi," Ajji akasema. "Nataka kitu kinachonguruma. Tangu mwanangu aiondoe ile mashine kubwa mambo yenu yamekwenda upande. Chidananda amefukuzwa kwa ajili ya sufuria. Ankara za hilo wingu zinapanda kila mwezi, Naga analalamika hata kwenye chakula. Mwaka huu bila mashine, sivunji boga."

Mtu wa nje atasema, si boga tu. Lakini boga jeupe lisipovunjwa barabarani siku ile, jicho baya linabaki ndani ya ofisi mwaka mzima, na ninawajua wahandisi wenye shahada mbilimbili ambao wangeomba uhamisho.

Bosi akaniita. Mtu huyu kila akirudi kutoka kongamanoni hurudi na neno jipya, na kila neno jipya huondoka na watu. Mwaka wa wingu tuliwaaga mafundi wa seva. Mwaka huu neno ni akili mnemba, na tayari alikuwa amenunua programu ya ulinzi inayojifikiria yenyewe, akaibatiza Kavalu, yaani lindo. Kavalu anaongea kwa sauti tamu ya kike kutoka kwenye skrini ya ukutani. Sisi wengine tulikuwa tunamwamkia kwa adabu, maana hatukujua ni lini atakaa kwenye viti vyetu.

"Vadiraj, tafuta mashine," bosi akasema.

"Bosi, mkaguzi anakuja. Nimeandika kwamba hatuna mashine."

"Tafuta maiti ya mashine. Ganda. Kitu cha kunguruma siku moja, kirudi kilikotoka."

"Na tukikataa?"

"Mkatalie wewe. Mimi nakula kwake."

Nikaenda SP Road, kule vifaa vya umeme vinakouzwa kuanzia vipya mpaka vilivyozikwa vikafukuliwa. Ghouse Bhai ana duka la vyuma chakavu lenye upana wa mlango mmoja na urefu usio na mwisho. Nilikuwa nimetunga uongo mrefu njiani. Sikuuhitaji.

"Seva ya puja?" akaniuliza kabla sijaketi.

"Umejuaje?"

"Si wewe wa kwanza wiki hii, ndugu yangu. Nyote mmepanda winguni, na nyote mama zenu wamebaki chini. Unataka ya kimya au ya kunguruma?"

"Ya kunguruma."

"Ya taa au bila taa?"

"Zenye taa zina nini?"

"Wazee wanazipenda." Akaburuta kabati jeusi lililonifika kifuani. "Hii ni sauti nzuri, inasikika mpaka ngazini. Sharti langu moja. Msipasulie nazi juu yake. Mwaka jana benki moja walinirudishia yangu ikinuka chatini."

"Ndani ina kitu?"

"Ndani ya chuma chakavu kuna nini? Vumbi. Chukua."

Nikaichukua.

Tuliiweka chumba cha seva, tukachomeka umeme. Ikanguruma vizuri sana, kioo cha dirisha la jirani kikaitika. Lakini taa za mbele zilikuwa zimekufa, zote isipokuwa moja nyekundu.

"Inaonekana ina homa," Bhargavi akasema. "Ajji atasema tumemletea mgonjwa."

Mimi, msomi, nikakumbuka kwamba taa zile za kijani hucheza pale tu mashine inapounganishwa na mtandao. Nikachukua waya, nikachomeka ncha moja kwenye mashine na nyingine ukutani. Taa zikaamka zikaanza kukonyeza. Ikapendeza kabisa, tukaizima isubiri siku ya puja. Kisha nikakumbuka jinsi umeme wa mtaa wetu wa Koramangala unavyopenda kukatika kwenye shughuli za watu, nikaiunganisha na betri ya akiba, ile ile inayolisha kisanduku cha mtandao. Nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa tahadhari. Ombi langu kwenu, wasomaji, mkumbuke neno hilo tukifika mbele.

Siku ya puja ofisi ilipendeza. Mashada ya maua ya rangi ya chungwa kila mlango, majani ya mgomba, sinia za bisi za mchele na halua ya kesari. Laptopu zote zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, Ajji amezipitia moja moja kwa kidole chenye kumkum. Simu zetu nazo zilikusanywa kwenye sinia la shaba, zikapakwa, zikawekewa maua juu. Kilichokosekana ni taa za mafuta, maana king'ora cha moto cha jengo hakina dini. Tulikuwa na taa za umeme zenye umbo la utambi, ambazo Ajji alizitukana asubuhi nzima.

Chumba cha seva hakina dirisha linalofunguka, na lililopo tulilifunika kwa pazia la sherehe. Tulijibana humo wote, viatu nje. Ajji mbele na boga lake, bosi kando yake amevaa panche nyeupe, ile shuka ya kiunoni ya sikukuu, mimi nyuma yao nikihesabu dakika ili niirudishe seva kwa Ghouse Bhai.

Mlango ukafunguka.

Aliingia Mzee Padmanabha Udupa, kifua mbele, shali ya hariri begani, alama ya msandali kwenye paji la uso.



"Karibu, mwanangu," Ajji akamwambia, kisha akatugeukia. "Nimemwalika mimi. Nilisikia mkaguzi ni mtu wa Udupi, mji wa mahekalu, nikasema mtu wa Udupi hawezi kukosa puja. Sogeeni apite."

Akasogea, akasimama bega kwa bega na mimi. Hakunitazama. Alitazama lile kabati linalonguruma.

"Bwana Hebbar," akasema chini chini.

"Mzee."

"Hicho ni kiti?"

"Ni pambo, mzee. La kukodi. Ni ganda tu, kwa ajili ya Ajji."

"Leo nimekuja kama mgeni," akasema. "Kalamu yangu iko nyumbani. Macho yangu lakini nimekuja nayo."

Ajji akachovya kidole kwenye manjano, akachora mistari yake mitatu kwenye paji la mashine. Akashuka pembeni apake na ubavu. Kidole kikasimama.

Akainama. Akaikwaruza pembe ya mashine kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Naga," akasema, "njoo uone."

"Nini, mama?"

"Huyu ni Gowri."

Sasa ngoja niwaeleze Gowri ni nani, kama nilivyoelezwa mimi siku ile ile kwa kuchelewa. Ni ile seva ya kwanza ya kampuni. Ajji ndiye aliyeipa jina siku ilipofika, na mafundi wa wakati ule, kwa kumfurahisha, wakalisajili jina hilo kwenye mtandao. Gowri ndiye aliyebeba kumbukumbu za wateja wote kabla ya wingu. Gowri ndiye yule niliyewaandikia wateja kwamba alisagwa akawa unga.

"Ajji," nikasema, "mashine hizi zinafanana zote. Zinatoka kiwanda kimoja."

"Mjukuu wangu, mimi nimezaa mapacha na sikuwahi kumnyonyesha mmoja mara mbili. Hapa pembeni kuna manjano yangu ya kila mwaka, moja juu ya jingine. Na hapa pamebonyea, kipande cha nazi kilimpiga mwaka ule mvua ilipotukatiza."

Bosi akapapasa pale palipobonyea. Akanigeukia, na uso wake haukuwa wa mtu aliye kwenye sikukuu.

"Chidananda alisema aliwapa watu wakaisage," akaninong'oneza.

"Naona hawakuisaga, bosi. Naona waliiuza."

Ajji alikuwa analia kwa furaha. "Walimtoa hapa kama takataka, na amerudi mwenyewe, siku yake, saa yake. Mnaona? Yeye hakwenda winguni. Alikataa." Na watu wote, wahandisi wa shahada mbilimbili, wakakunja mikono vifuani wakainama mbele ya kabati la Ghouse Bhai. Hata Mzee Padmanabha aliinamisha kichwa. Ila alipokiinua alikuwa ananitazama mimi.

"Iliyosagwa," akasema.

"Mzee, hata kama ni yenyewe, hii ni ganda. Haina kitu, haifanyi kitu. Inanguruma tu."

Hapo ndipo Kavalu alipoamua kuongea. Sauti ikatoka kwenye skrini ya chumba cha nje, tamu, ya ukarimu, na mlango ulikuwa wazi.

"Karibu tena, Gowri. Tulikukosa."



"Mashine inayoaminika imerejea," Kavalu akaendelea. "Nimeirudishia funguo zake. Zoezi lake la kila asubuhi la kunakili kumbukumbu za wateja limeanza upya."

Bhargavi ndiye aliyenieleza baadaye kilichotokea, ingawa nilikwisha kukielewa. Kavalu alifundishwa kwa kumbukumbu za ofisi za miaka yote iliyopita, na ndani ya kumbukumbu hizo hakuna kiumbe kilichoaminika kuliko Gowri. Tulimnunua aje asimwamini yeyote. Akakutana na rafiki wa familia.

Nikachungulia nje. Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa kijani unaotambaa, na pembeni yake, wazi kama bango la duka, maneno: Hospitali, Denmark. Rekodi za wagonjwa zilikuwa zinashuka kutoka winguni na kuingia ndani ya jengo letu, mbele ya mkaguzi, kwa ngurumo nzuri ya kusikika mpaka ngazini.

"Bhargavi, mzuie Kavalu. Mwamuru asimamishe."

"Kwa kompyuta ipi, kaka? Zote zina kumkum."

Nilitazama meza ndefu. Laptopu zilikuwa zimelala chini ya maua. Simu zilikuwa zimelala kwenye sinia. Kwa desturi yetu, zana ikishapakwa imepumzika, haiguswi mpaka kesho yake, siku ya ushindi. Ajji anaifuata desturi hiyo hata kwa kisu cha jikoni. Siku ile watu kwake hula ndizi.

Basi ikabaki njia moja. Waya.

Nikapiga hatua kuelekea nyuma ya mashine. Boga jeupe likanizuia kifuani.

"Unakwenda wapi?" Ajji akauliza.

"Kuchomoa waya mdogo tu, Ajji. Utarudi kesho."

"Nimekwisha kumpaka. Amelala."

"Halali, Ajji, ndiyo shida yenyewe. Anafanya kazi."

"Basi anafanya kazi kwa mapenzi yake, hakuna aliyemtuma. Mtu yeyote atakayemgusa leo, kesho asije hapa. Naga, nimesema."

Bosi akatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa na kazi ya Denmark upande mmoja na mama upande wa pili, na mimi nilikwisha kuona yeye anakula wapi.

Nikamgeukia Mzee Padmanabha. Nilitegemea mtu wa hesabu na kanuni ataniunga mkono. Mzee akarekebisha shali yake.

"Kama mkaguzi," akasema, polepole, "nakala isiyotimia haisomeki, lakini mstari ule ukifika mwisho, nimekuta rekodi ndani ya jengo, na unajua kinachofuata."

"Najua, mzee. Basi niruhusu nichomoe."

"Kama baba, mtu anayevunja puja mbele ya bibi wa umri huu haingii nyumbani kwangu. Hata kuleta kadi ya mwaliko."

"Sasa nifanye nini?"

"Hilo ni swali la mkuu wa usalama," akasema.

Mstari wa kijani ulikuwa umepita nusu. Ninawaambia ukweli, sikuwaza mambo makubwa. Nilimwona Vasudha amekaa barazani kwao, akingoja simu yangu anicheke, maana ndivyo alivyoniahidi asubuhi, kwamba jioni atataka kusikia yote acheke. Nikawaza pia mtu mmoja huko Denmark, mzee wa watu, ambaye uvimbe wake wa siri ulikuwa unaingia chumba cha viti vibovu Koramangala bila yeye kuulizwa.

Umeme ukakatika.

Taa za utambi wa uongo zikazimika, skrini ikazimika, feni zikasimama. Giza la chumba kile, dirisha limezibwa kwa pazia na mlangoni watu wamejazana, likatufunika wote. Nikasikia pumzi ndefu ikitoka kifuani, ikawa ni yangu. Nikamshukuru kila mtu anayefanya kazi katika shirika la umeme.

Kisha nikasikia ngurumo.

Gowri alikuwa ananguruma kama kawaida. Taa zake za kijani zilikuwa zinacheza gizani.

"Mmemsikia?" Ajji akasema kwa sauti ya heshima. "Hahitaji hata umeme."

Betri ya akiba. Ile ile inayolisha kisanduku cha mtandao. Ya mtu wa tahadhari.

Jenereta la jengo letu huchukua muda kuamka, lakini huamka. Nilikuwa na giza la muda huo tu. Nilijua nikichomoa, Ajji akijua, kazi sina na Vasudha sina. Nisipochomoa, kazi sina na Vasudha sina. Tofauti ilikuwa yule mzee wa Denmark na uvimbe wake. Nikaamua. Na sitasema niliamua kishujaa, maana nilipiga magoti nikatambaa.

Nilitambaa ukutani, nikipita kati ya miguu ya wahandisi. Nikaponda bisi kwa magoti. Mtu akanong'ona, "Panya." Nikazunguka nyuma ya Gowri, nikanyoosha mkono kuutafuta waya.

Nikaupata. Nikaufuata kwa vidole mpaka pale unapoingia kwenye mashine.

Pale mwisho palikuwa na mkono mwingine.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima, wenye mishipa, na kwenye kidole chake nilihisi pete nene yenye jiwe. Na wenyewe ulikuwa umeushika waya kwa nguvu na unavuta. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu, na harufu ya msandali.

Tukavuta pamoja. Waya ukatoka kwa mlio mdogo. Taa za kijani zikazimika zote, ikabaki moja nyekundu.

Na jenereta likaamka.

Mwanga ulirudi wote kwa mpigo. Ofisi nzima ilikuwa imegeuka kututazama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya Gowri, bisi za mchele zimenijaa kwenye suruali. Kando yangu, naye amepiga magoti, shali ya hariri imeburuta vumbi, alikuwa Mzee Padmanabha Udupa, mkaguzi wa wateja wa Denmark, mtu wa Udupi, mgeni wa heshima. Waya ulikuwa katikati yetu, mikono miwili juu yake.

Bhargavi alifunika mdomo kwa kiganja. Bosi alifumba macho.

Ajji alitutazama. Akaitazama ile taa nyekundu. Akalihamisha boga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Padmanabha, mwanangu," akasema taratibu. "Ni nani kati yenu aliyemgusa?"

Mzee alisimama. Alikung'uta magoti, akakunja shali yake vizuri, akairudisha begani. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono ule ule wenye pete, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniita Bwana Hebbar.

"Ajji," akasema, "mkwe wangu atakueleza."

Na Ajji akanigeukia mimi.